Fanicha za boksi za kuunga mwenyewe: unapimaje ubora kabla ya kulipa?

Hama_Hama

Wakuu, salaam. Tunahamia nyumba mpya, na bajeti inaruhusu fanicha za boksi tu, zile unazobeba zikiwa vipande na kuziunga nyumbani. Orodha ni hii: kabati la nguo la milango mitatu (kimo sm 200), kitanda cha sm 150 kwa 200, rafu ya vitabu, kabati la droo nne la chumba cha mtoto wa miaka mitatu, meza ya chakula na viti vinne.

Tatizo ni kwamba dukani kila kitu kinang'aa. Makabati mawili yanayofanana kwa macho, moja bei yake ni mara mbili ya jingine, na muuzaji anasema yote ni "mbao ngumu". Naomba wenye ujuzi mnisaidie: niangalie wapi, nishike nini, nipime nini? Na katika orodha hiyo, ni kipi nisithubutu kuchukua cha bei ya chini kabisa?

---

Randa

Karibu, ndugu. Kwanza acha kuangalia uso. Mistari ya mti unayoiona juu ya fanicha hizi mara nyingi ni picha iliyochapwa kwenye karatasi na kugandishwa kwa melamini (plastiki ngumu ya kufunika ubao), na picha nzuri hupatikana kwenye ubao mbovu na ubao mzuri vilevile. Ubora umejificha ndani ya ubao, kwenye kingo, kwenye maungio na mgongoni.

Ukiambiwa "mbao ngumu", uliza: ndani kuna nini? Kuna chipubodi, yaani chenga za mti zilizogandamizwa kwa gundi, ambayo uzito wake ni kama kg 600 hadi 700 kwa mita ya ujazo. Kuna MDF, nyuzi laini za mti zilizobanwa, kg 700 hadi 800. Kuna plaiwudi, tabaka nyembamba zilizopishanishwa. Kuna mbao halisi, mara nyingi msonobari uliounganishwa vipande kwa vipande. Halafu kuna ubao wa sega: ngozi mbili nyembamba, na katikati karatasi iliyokunjwa mfano wa sega la nyuki. Huo hupatikana kwenye meza na rafu nene za sm 4 au 5 ambazo ukizinyanyua unashangaa wepesi wake. Si mbaya kwa kazi yake, ila haushiki skrubu popote isipokuwa pale kiwandani walipoweka kipande kigumu ndani. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia kama ngoma.

Kujua kilichomo, usitegemee karatasi ya maelezo peke yake. Fungua kabati la maonyesho, tafuta matundu ya mm 5 ya kushikia pini za rafu, umulike ndani kwa tochi ya simu. Chenga zenye mapengo ni chipubodi. Rangi moja ya kahawia, laini, ni MDF. Mistari ya tabaka ni plaiwudi. Tundu lenye kuta zinazomeguka ukigusa kwa ncha ya kalamu linakuambia skrubu nazo zitashika vipi.

Kisha uzito. Boksi karibu zote zimeandikwa kilo, na hapo ndipo unaweza kumkamata muuzaji bila kugombana naye. Chukua rafu ya vitabu yenye kuta mbili za sm 180 kwa 28 na vipande sita vya kulala vya sm 76 kwa 28. Eneo lote ni kama mita za mraba 2.3. Ubao ukiwa wa mm 16, ujazo ni kama mita za ujazo 0.037, na kwa kg 650 unapata takriban kilo 24. Ongeza mgongo wa hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi zilizobanwa) ya mm 3, kilo 3 na nusu hivi. Jumla 27 au 28 pamoja na vyuma. Boksi likisema kilo 20 au 21, basi ama mbao ni za mm 12, ama chipubodi ni nyepesi sana, ama kuna sega ndani. Hesabu hii inachukua dakika mbili, na mimi naiamini kuliko maelezo yoyote ya dukani.

Unene na urefu wa rafu ndiyo sehemu watu wanaumia zaidi. Vitabu vya kawaida vina kilo 25 kwenda juu kwa kila mita ya rafu. Rafu ya chipubodi ya mm 16, kina sm 30, iliyoshikwa ncha mbili tu, ikibeba mzigo huo itanepa kama mm 1.6 ikiwa na urefu wa sm 60. Ikiwa sm 80 inanepa mm 5. Ikiwa sm 90 inanepa mm 8. Sababu ni kwamba kunepa kunapanda kwa urefu uliozidishwa mara nne kwa wenyewe: ongeza urefu mara moja na nusu, mnepo unakuwa mara tano. Na hiyo ni siku ya kwanza. Chipubodi huendelea kulegea chini ya mzigo wa kudumu, mnepo ukaweza kufika maradufu na kuzidi. Unene nao husaidia kwa nguvu ya tatu: toka mm 16 hadi 25, ugumu unakaribia mara nne. Kwa hiyo kwa vitabu chagua rafu isiyozidi sm 60 au 70, au yenye kizigeu katikati, au ya mm 25. Rafu pana ya sm 90 iachie nguo na taulo.

Kingo. Utepe mwembamba wa karatasi au melamini wa mm 0.3 au 0.4 hubanduka kwenye kona na kuruhusu maji. Utepe wa plastiki wa mm 1 hadi 2 huvumilia kugongwa, na utautambua kwa sababu kona yake imelainishwa kidogo badala ya kuwa kali. Pitisha ukucha pale utepe unapokutana na uso: ukikwama kwenye ufa, maji nayo yataingia hapo. Piga magoti uangalie ukingo wa chini kabisa, unaogusa sakafu. Viwanda vya bei ya chini huuacha wazi. Chipubodi ikinywa maji ya kudekia inavimba, na ikishavimba hairudi. Ukikuta uko wazi na bado unalitaka kabati, paka vanishi mikono miwili kwenye ukingo huo kabla ya kuunga, au chagua lenye miguu inayoliinua kutoka sakafuni.

Mwisho, mgongo. Ile hadibodi nyembamba inayoonekana kama kifuniko tu ndiyo inayozuia kabati lisilale upande. Bila mgongo, mstatili wowote ulioungwa kona nne husukumika ukawa mshazari. Mgongo ulioingia kwenye mfereji pande zote ni mzuri. Uliopigiliwa misumari kwa nyuma unatosha kama misumari ni mingi. Mgongo unaokunjwa mara mbili au tatu kwa gundi ya utepe ili uingie boksini ni dhaifu kidogo, lakini unakubalika ikiwa kila mkunjo unaangukia kwenye rafu isiyohama na kupigiliwa hapo. Usichukue kabati refu lisilo na mgongo kabisa, labda liwe na vyuma vya mshazari.

---

Gololi

Randa kamaliza ubao, mimi naongeza vyuma, maana ubao wa wastani wenye vyuma vizuri huishi kuliko ubao mzuri wenye vyuma vibovu.

Kabla hujaenda dukani, ingia mtandaoni utafute kijitabu cha kuunga cha kitu unachokitaka. Kampuni nyingi hukiweka wazi. Ukurasa wa pili au wa tatu una picha ya vyuma vyote pamoja na idadi yake, na huo ni ukweli ambao muuzaji hawezi kuupamba. Hesabu vijiti vya mbao, hesabu kamu, hesabu bawaba.

Kamu ni kile kidude cha mviringo, mara nyingi kipenyo mm 15, unachozungusha nusu mzunguko ili kivute kichwa cha pini kutoka ubao wa pili. Watu wengi wanadhani kamu ndiyo inabeba uzito. Hapana. Kamu inavuta tu mbao zikutane. Anayebeba ni kijiti cha mbao cha mm 8, urefu mm 30 au 35, kinachoingia nusu huku na nusu kule. Kwa kila mwisho wa ubao wenye kina cha sm 28 hadi 60 nataka kuona angalau kamu mbili na vijiti viwili. Ukikuta kamu mbili bila kijiti, uzito wote unakaa kwenye pini nyembamba, na tundu lake litapanuka mpaka kabati lianze kucheza. Kamu ziwe za chuma. Za plastiki zikatae kwenye kitu chochote kinachobeba mzigo.

Angalia pia pini inaingia kwenye nini. Pini inayojikata moja kwa moja kwenye chipubodi inashika vizuri mara ya kwanza. Ukiing'oa na kuirudisha mara mbili tatu, chenga zimeshakuwa unga. Pini inayoingia kwenye kikombe kidogo cha plastiki au chuma kilichopachikwa inavumilia kuhama nyumba. Kama mnapanga na mnajua mtahama tena, hilo liwe sharti.

Kuna skrubu nene za mm 7 kwa 50 zenye tundu la pembe sita kichwani, zinazopigwa kutoka nje ya ukuta wa kabati hadi ndani ya ukingo wa rafu. Haziko maridadi, vichwa vyake hufunikwa kwa vibandiko, lakini kwa nguvu zinaipita kamu. Ukiona vichwa hivyo ubavuni usidharau.

Bawaba: zile za kikombe cha mm 35 ndizo za kawaida. Mlango wa hadi sm 90 unatosheka na mbili, hadi sm 160 tatu, na mlango wa sm 200 kama wa kabati lako unahitaji nne. Kabati la sm 200 lenye bawaba mbili kwa mlango litaangusha milango, yaani pembe ya juu itafunguka na ya chini itasugua mlango wa jirani. Bawaba iwe na skrubu za kurekebisha pande tatu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Kibao cha bawaba kilichofungwa kwa skrubu fupi nene za mm 6.3 kwenye matundu ya mm 5 kinashika kuliko kilichofungwa kwa viskrubu vyembamba vya mm 3.5.

Sasa droo, na hapa ndipo ningeweka pesa. Droo ndiyo inayotembea kila siku. Reli nyeupe zenye kigurudumu kimoja cha plastiki kwa kawaida hubeba kilo 25, na droo haitoki yote, kiasi cha robo hubaki ndani. Reli za gololi, bapa la mm 45, hubeba kilo 35 hadi 45 na droo hutoka nzima. Droo inayosuguana mbao kwa mbao bila reli iache, isipokuwa kimeza cha kando ya kitanda.

Jaribio langu la dukani ni hili: vuta droo mpaka mwisho, shika kona moja ya mbele, isukume ndani kwa kona hiyo tu. Nzuri inaingia. Mbovu inakwama mshazari. Kisha weka kiganja katikati ya sakafu ya droo na ukandamize. Hadibodi ya mm 3 kwenye droo ya upana wa sm 80 itabonyea, na ikijazwa nguo itateleza itoke kwenye mfereji wake. Upana ukizidi sm 50 tafuta sakafu ya mm 5 au 6, au iliyo na mwamba wa kuitegemeza katikati.

---

Hama_Hama

Asanteni sana, hii ni hazina. Maswali matatu. Kwanza, baadhi ya maboksi yameandikwa E1 na mengine CARB P2. Hiyo ni daraja la ubora? Pili, kitanda hamjakigusa. Tatu, nimeshauriwa na jirani nimimine gundi kila tundu ili kabati lisilegee, ni sawa?

---

Pimamaji

E1 na CARB P2 hazisemi lolote kuhusu uimara. Ni viwango vya hewa ya formaldihaidi inayotoka kwenye gundi ya ubao. E1 ni kiwango cha Ulaya, kikomo chake miligramu 0.124 kwa mita ya ujazo ya hewa kwenye chumba cha kupimia. CARB P2 ni ya California: sehemu 0.09 kwa milioni kwa chipubodi na 0.11 kwa MDF. Njia za kupima zinatofautiana, kwa hiyo usizilinganishe tarakimu kwa tarakimu. Yoyote kati ya hizo utakayoikuta inafaa, lakini zikikosekana zote mbili na chumba ni cha mtoto, liache boksi hilo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka formaldihaidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 2004, kwa hiyo si jambo la harufu tu.

Hewa hiyo hutoka zaidi ubao ukiwa mpya, na joto na unyevu huiongeza. Uso wenye melamini huizuia. Inapotokea kwa wingi ni kwenye kingo zilizo wazi na matundu yasiyotumika. Unga fanicha ya chumba cha mtoto siku kadhaa kabla hajalala humo, acha droo na madirisha wazi, na ziba matundu kwa vile vifuniko vinavyokuja boksini. Ukifungua droo dukani macho yakawasha, hilo limeshajieleza.

Kitanda. Angalia sehemu nne: mfumbati (ubao mrefu wa ubavuni) unavyoshikana na kitakizo (ubao wa kichwani au miguuni), mwamba wa katikati, chaga (vipande vya kukingama vinavyobeba godoro), na ukanda ambao chaga zinalalia.

Mfumbati unaoshikwa kwa kamu peke yake utaanza kulia ndani ya miezi michache, kwa sababu kila unapogeuka kitandani ungio linasukumwa upande. Taka bolti ya mm 6 au 8 inayoingia kwenye nati ya duara iliyolazwa ndani ya ubao, au ndoano za bamba la chuma. Kwa upana wa sm 150 lazima kuwe na mwamba wa katikati, kichwani hadi miguuni, wenye angalau tendegu (mguu) moja linalogusa sakafu. Mawili ni bora. Mwamba usio na tendegu unanepa na kuzitoa chaga kwenye ukanda wake.

Chaga zihesabu. Zikiwa na upana wa sm 7 na urefu wa kitanda ni sm 200, chaga 15 zinakupa nafasi ya karibu sm 7 kati yake. Hapo godoro la sponji linakaa. Ukikuta chaga 10, nafasi inafika sm 14, sponji inazama katikati ya chaga na godoro linakufa kabla ya kitanda. Unaweza kuokoa kitanda cha namna hiyo kwa kuongeza chaga tano za fundi, ni kazi ndogo. Ukanda wa kulalia uwe umefungwa kwa skrubu kila sm 20 au 25. Ukanda wa skrubu tatu kwa mita mbili hung'oka.

Kuhusu droo za mtoto, hili nalisisitiza kuliko yote: kabati hilo lifungwe ukutani siku hiyohiyo linapoungwa. Mtoto wa miaka mitatu hufungua droo tatu za chini akazipanda kama ngazi. Uzito wote unahamia mbele na kabati linamwangukia. Marekani walilifanya sharti la sheria: tangu Septemba 1, 2023 makabati ya nguo yenye kimo cha mm 686 na zaidi yanapimwa kwa kiwango cha ASTM F2057-23, droo zikiwa na mzigo na zikiwa wazi, pamoja na nguvu ya mtoto wa hadi kilo 27. Ukiona alama hiyo kwenye boksi ni jambo jema, na bado funga. Kuna makabati yenye kizuizi kinachoruhusu droo moja tu kufunguka kwa wakati mmoja. Kwa chumba cha mtoto kinastahili kulipiwa.

Ufungaji wenyewe: vishikio viwili, kila kimoja karibu na kona ya juu, skrubu iingie kwenye ubao wa juu au wa ubavu, kamwe si kwenye mgongo wa mm 3. Ukuta wa tofali au zege toboa kwa biti ya mm 8, ingiza kiplastiki cha mm 8 cha kushikia skrubu, futa vumbi la tundu kwanza. Ukuta wa jasibodi, tafuta nguzo iliyo nyuma yake. Jasibodi peke yake haimzuii mtoto. Vitu vizito viwekwe droo za chini.

Gundi namwachia Randa.

---

Randa

Jirani amekushauri nusu sahihi. Gundi nyeupe ya mbao inashika mti kwa mti. Haishiki melamini. Ukiipaka kwenye uso wa ubao unapata uchafu tu. Mahali pake ni ndani ya matundu ya vijiti, tone moja kwa tundu, ikizidi inajaza tundu na kijiti kinakataa kuzama, ukikilazimisha ubao unapasuka upande wa nje. Na kilichogundishwa hakifunguki tena bila kuvunjika. Kwa hiyo droo, ndiyo. Viti, ndiyo. Kabati la nguo la sm 200 ambalo halitapita mlangoni likiwa zima, hapana.

---

Gololi

Hapo natofautiana kidogo na Randa. Kwa rafu ya vitabu inayopita mlangoni ikiwa nzima, mimi ningegundisha vijiti vya kipande cha juu, cha chini na rafu ya katikati isiyohama. Inabadilika kabisa, hasa kama kamu ni za bei ya chini.

Na viti, kwa kuwa umeulizia: hapa usikubali chipubodi wala MDF kwenye mguu au fremu. Kiti hubeba mtu anayeegemea nyuma, na ungio la mguu wa nyuma na kiti ndilo linalopigwa. Mbao halisi au chuma. Kigeuze chini juu; kila kona ya fremu iwe na kipande cha pembe tatu kilichofungwa kwa bolti, si viskrubu viwili. Kaza tena baada ya wiki mbili za kukaliwa, kisha baada ya miezi mitatu.

Meza ni rahisi zaidi, uso wa sega hauna tatizo. Cha kupima ni miguu: shika ncha moja usukume upande kwa nguvu. Miguu iliyofungwa kwa bamba la skrubu nne fupi moja kwa moja kwenye chipubodi itatikisika. Nzuri ni ile yenye fremu chini ya uso, mguu ukavutwa kwenye kona ya fremu kwa bolti ya mm 8.

---

Pimamaji

Kwenye kuunga, makosa yanayoharibu fanicha nzuri ni machache na yanajirudia.

Drili ya umeme. Chipubodi hukazwa kwa bisibisi ya mkono. Drili inapita kikomo kabla hujaachia kitufe, na tundu linabaki unga. Halafu bisibisi yenyewe: skrubu nyingi za fanicha zina msalaba wenye vistari vinne vidogo kati ya mikono yake, na hiyo inataka bisibisi ya PZ2, si PH2. Ukitumia isiyo yake inateleza na kula kichwa.

Kamu iingizwe mshale wake ukielekea ukingo ambako pini itatokea, mbao zikutanishwe kabisa kwa mkono, ndipo uzungushe. Ukiizungusha huku kukiwa na ufa wa mm 2 ukitegemea kamu ivute, inavunjika au inapasua ubao. Na kama ufa haufungi, mara nyingi kijiti hakijazama vya kutosha au kuna chenga ndani ya tundu.

Mgongo kabla ya kuupigilia: pima kwa futi kamba kutoka kona hadi kona, mishazari miwili. Tofauti isizidi mm 2. Ikizidi, sukuma kona ya mshazari mrefu mpaka zilingane. Pigilia ukingo mmoja mrefu, pima tena, kisha endelea, msumari kila sm 10. Mlango usiofunga sawasawa mara nyingi si kosa la bawaba, ni kabati lililopigiliwa mgongo likiwa limepinda. Baada ya kulisimamisha weka pimamaji, tia kabari chini ya upande ulio chini, na milango irekebishwe mwisho kabisa.

Skrubu ikizunguka bure usiongeze skrubu nene. Toboa tundu kwa mm 8, gundisha kijiti cha mm 8, subiri siku nzima, kikate kiwe sawa na uso, toboa upya mm 2.5 kwa skrubu ya mm 4. Hapo panakuwa imara kuliko mwanzo.

---

Hama_Hama

Nimeelewa. La mwisho: kabati la sm 200 kijitabu kinasema liungwe likiwa limelala. Dari ni sm 240. Litasimama?

---

Randa

Usipime kimo, pima mshazari wa ubavu. Zidisha kimo kwa kimo, kina kwa kina, jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Sm 200 kwa kina cha 58 ni kama sm 208, kwa hiyo litasimama bila shida. Lenye kimo cha sm 236 na kina cha 60 linahitaji karibu sm 244, hilo kwenye dari yako lingegoma, na ungelazimika kuliunga likiwa wima kama muundo wake unaruhusu. Pima dari kwenye chumba husika, mahali penyewe, toa taa inayoning'inia. Na mnyanyue watu wawili kutoka upande wa juu, huku wa tatu akizuia miguu isiteleze. Kabati likiburutwa kwa kona moja wakati wa kusimama, vijiti vya upande huo ndivyo vinavyokatika.